Akiba Haionyeshwi Mgeni

Nguzo ya buluu ilipanda ukutani mpaka ikakaribia kugusa dari, na zile nyingine zikabaki chini yake kama vifaranga mbele ya jogoo. Joris, mkuu wa mradi, alisimama kando ya ule mchoro na uso wa mtu aliyeokota kitu njiani.

"Hii ni kaskazini magharibi," akasema. "Kef na vijiji vyake. Wananunua semolina mara tatu ya watu wa hapa Tunis. Mara tatu! Na hao ndio tuliowaita maskini kuliko wote."

"Labda wana matumbo matatu," akasema Skander, mtaalamu wa takwimu, kutoka mwisho wa meza. Watu wakacheka.

"Au wana binamu ng'ambo ya mpaka," akajibu Joris. "Serikali inalipia nusu ya bei, wao wanaivusha Aljeria. Ndiyo maana nashauri ruzuku ya semolina iondolewe kule kwanza. Wizara inatungoja Alhamisi ijayo."

Nejiba hakucheka. Kazi hii ya uchumi wa chakula aliianza nywele zake zikiwa nyeusi zote, akaifanya Sanaa ya Yemeni, akaifanya Nuakshoti, akaifanya Amman, na sasa Mungu alikuwa amemrudisha kwao kuimalizia. Kila mji alikuta meza ileile ndefu, kiyoyozi kilekile kinachomtafuna goti, na nguzo kama hizi ukutani. Aliitazama ya buluu, na badala ya kuona wezi wa mpakani akaona mashuka meupe yametandazwa juu ya paa, kuskusi ya semolina, ule unga wa chenga wa ngano, imeanikwa, na wanawake wamekunja mikono ya nguo mpaka kwenye viwiko.

"Joris," akasema, "wadodosaji walikwenda lini?"

"Unajua. Mwisho wa Julai na Agosti. Fedha zilichelewa."

"Na waliuliza nini?"

"Swali la siku zote. 'Katika siku saba zilizopita mmenunua chakula gani?'"

"Basi ulikwenda kumuuliza mtu chakula chake cha wiki katika wiki anayonunua chakula cha mwaka."

Akawaeleza, ingawa Skander alikuwa anajua, na mama yake Skander alikuwa anajua zaidi. Ngano ikishavunwa, mwanamke wa Kef hununua semolina kwa magunia. Majirani hukusanyika nyumba hii leo, nyumba ile kesho, wakaifinyanga kuskusi, wakaikausha juani, wakaitia katika makasiki ya udongo. Hiyo ndiyo oula, akiba ya mwaka. Baridi ikiingia na njia zikafungwa na theluji, hakuna anayekwenda dukani. Mkono unaingia kasikini.

"Nilikuandikia mwezi wa Aprili," akasema, "kwamba tukichelewa mpaka kiangazi swali libadilishwe."

"Ndiyo, nakumbuka. Nilikushukuru."

Ni kweli alimshukuru. Nejiba alikuwa na shukrani za miaka mingi, zingetosha kujaza kasiki.

"Lakini hata hivyo tuliuliza," Joris akaendelea, na hakuwa na ubaya katika sauti yake. "Kuna swali jingine: 'Je, mna akiba ya nafaka nyumbani?' Kef nzima, kasoro nyumba mbili, wamesema hapana."

Skander akatazama kalamu yake. Nejiba alifumba macho kidogo, kama mtu anayesikia mlango ukifungwa nyuma yake. Bila shaka walisema hapana. Mama yake mwenyewe, Mungu amrehemu, chumba chake kingejaa mpaka darini, na mgeni akimuuliza anajibu: "Tumesitiriwa tu, alhamdulillahi." Akiba ya mwaka haionyeshwi mgeni wala haitajwi. Jicho moja tu la husuda linatosha: wadudu wanaingia, ukungu unapanda, au mwenyewe anakufa kabla hajaila. Sasa wale wanawake wamekuja kuulizwa mlangoni na binti wasiyemjua, ameshika kompyuta. Wangesemaje?

Alijaribu kumweleza Joris na hili pia. Joris alimsikiliza kichwa kikiwa upande, vile anavyosikiliza mambo ya mila, akaandika.

"Inavutia sana," akasema. "Lakini siwezi kwenda kwa waziri nikamwambia nimefuta takwimu kwa sababu ya jicho. Niletee kitu cha kupimika. Nenda kwenye nyumba kumi na tano kati ya zilezile. Akiba ipimwe, ipigwe picha, na awepo shahidi wa pili. Ukileta, pendekezo naliondoa. Usipoleta, linakwenda kama lilivyo." Akainua mabega. "Na jina lako ndilo la kwanza kwenye jalada, Nejiba. Wewe ndiye wanayemwamini kule."

* * *

Mnawar, dereva wa ofisi, alikuwa mtu wa Kef kwa mama. Walipita mashamba yaliyobaki mabua matupu, na kandokando ya barabara watu wakiuza matunda ya mpungate kwa ndoo. Aliposikia wanakokwenda na kwa nini, alipunguza mwendo akamtazama Nejiba kwenye kioo.

"Dada Nejiba, unakwenda kumwomba mwanamke wa Kef akufungulie chumba cha akiba?"

"Ndiyo."

"Tena na picha?"

"Tena na picha."

"Afadhali umwombe akufukulie kaburi la mumewe. Mke wangu ufunguo anautia kifuani. Tangu tuoane sijaingia mle. Nikitaka zabibu kavu naomba kwa adabu kama mkwe."

"Na wewe hujachungulia?"

"Nichungulie nife? Mimi napenda kula kuskusi, dada. Kuijua sina haja."

Nejiba akacheka, kisha kicheko kikamwishia njiani. Alikuwa anafikiri bei ikipanda maradufu kule milimani itakuwaje. Hakuhitaji mchoro. Kwanza watoto wataacha mkate wa asubuhi, halafu mama ataacha wa mchana na kusema hana hamu.

Bi Khadhra, mwenye nyumba ya kwanza kwenye orodha, walimkuta uani kwake, na majirani zake, wanapasua pilipili nyekundu na kutoa mbegu kwa ajili ya harissa, ile pilipili ya kusaga. Alikuwa mama wa makamo yaliyokwisha pita, mpana, kilemba amekifunga kwa nyuma kama mtu anayetaka kupigana. Nejiba alitoa sukari na kahawa aliyoileta, akaketi, akavuta ungo wa pilipili bila kuambiwa. Hakuna aliyemkataza.

"Nyinyi ndio mliokuja Agosti kutuuliza tumekula nini?" akauliza Bi Khadhra.

"Ndio sisi, mama."

"Yule binti yenu aliniuliza nimelala na njaa mara ngapi. Nikamwambia, mwanangu, kwani wewe ni mume wangu?"

Wanawake wakaangua kicheko. "Mimi aliniuliza nimekula samaki," akasema mmoja. "Nikamwambia nimewaona kwenye televisheni."

Nejiba aliwaacha wacheke. Kisha akawaambia waziwazi, kwa sababu hakuwa na nguvu ya kuzungukazunguka: kwamba wiki ijayo wakubwa wataamua kuhusu semolina, na huku ndiko bei itakakopandishwa kwanza.

Visu vikasimama.

"Kwa kosa gani?" akauliza Mahbouba, jirani wa ukuta mmoja na Bi Khadhra, mwanamke mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake.

"Mmenunua sana, na mmesema hamna akiba. Basi wanasema mmeivusha mpakani."

"Astaghfirullah!" Bi Khadhra akajipiga paja. "Mimi nivushe semolina! Kwa miguu hii? Msikiti wenyewe nafika nimeshika ukuta!"

"Mngesema kweli mliyonayo..."

"Tungesema! Mtu simjui kwao wala kwa mama yake, amesimama mlangoni, ananiuliza ndani nina nini. Nimwambie karibu uhesabu? Mwaka ule Rebha alimwonyesha wifi yake akiba yake, na baridi haijaingia wadudu wameshamaliza."

"Rebha hakuikausha vizuri," akanong'ona mmoja.

"Wewe ulikuwepo? Nyamaza upasue pilipili."

Nejiba akasema alichotumwa: nyumba zilizoulizwa zifunguliwe, akiba ipimwe, ipigwe picha. Aliposema picha, wanawake walivuta mitandio yao kana kwamba amewaambia wavue nguo.

"Hapana," akasema Bi Khadhra. "Karibu kahawa, karibu chakula, karibu ulale. Lakini hilo hapana."

"Mficha uchi hazai, Khadhra," akasema Mahbouba.

"Mimi nimezaa saba. Wewe umezaa wangapi?"

Mahbouba akainama juu ya pilipili zake. Nejiba akaona shingo yake imekuwa nyekundu.

Ikaadhiniwa alasiri. Waliswali palepale uani, kwa safu. Nejiba aliswali ameketi juu ya kigoda kwa sababu ya goti, akakaa muda baada ya salamu, hakuomba kitu, alikuwa amechoka hata kuomba. Mwenyezi Mungu anajua haja ya mja kabla hajaitamka. Alipofumbua macho, Bi Khadhra alikuwa anamtazama.

"Wewe mtoto wa nani?"

"Wa Mbarka binti Salah, wa Dahmani."

"Mama yako alikuonyesha chumba chake?"

"Nilipokwisha kuolewa. Kabla ya hapo alikuwa ananipa mgongo akifungua."

Bi Khadhra akatikisa kichwa polepole. "Basi huyo alikuwa mtu." Akainuka kwa kujikongoja, akaingiza mkono kifuani, akatoa ufunguo. "Wewe peke yako. Simu iache huku. Dereva wako asitie hata pua. Uwe na udhu, useme mashallah, na hesabu isikutoke mdomoni. Ukihesabu, hesabu kwa moyo."

"Na shahidi wa pili?"

"Shahidi wako Mungu. Hakutoshi?"

Chumba kilikuwa chembamba, hakina dirisha, kina harufu ya iliki, vitunguu vilivyokauka na udongo mkavu. Makasiki yalipangwa ukutani kama wazee barazani, kila moja na kifuniko cha ubao na kitambaa cheupe. Juu yake zilining'inia shada za pilipili na nyama kavu ya chumvi. Nejiba alisema mashallah kwa sauti. Akatoa utepe wa mshona nguo, akazungusha kwenye tumbo la kasiki, akatumbukiza mti wa kupimia, akaona kuskusi imefika wapi. Mlangoni Bi Khadhra alikuwa anasoma sura za Kul-a'udhu za kukinga husuda, moja hadi nyingine, hakusimama mpaka Nejiba alipotoka.

Semolina yote ya Agosti ilikuwa mle. Haikuvuka mpaka, haikuvuka hata ua.

Habari ikatembea kijijini upesi kuliko gari. Siku zilizofuata baadhi ya milango ilifunguka kwa sharti lilelile, na baadhi ikabaki imefungwa. Mwanamke mmoja alimfukuza Nejiba kwa ufagio, halafu akamtumia mayai. Alipima akisema mashallah mpaka ulimi ukakauka. Jioni alikuwa akijilaza kwenye nyumba ya wageni pale Kef mjini, goti limevimba, akiandika kwa kumbukumbu hesabu alizoukataza mdomo usitamke.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Mahbouba. Nejiba alidhani ingekuwa ya kwanza, kwani ndiye aliyewahimiza wenzake. Lakini kila siku alikuwa na udhuru: mara ufunguo umepotea, mara mume hayupo. Siku ya kuondoka alimshika Nejiba mkono, akamwingiza ndani upesi na kufunga mlango nyuma yao.

Makasiki yalikuwepo, yamesafishwa, na vitambaa vyeupe vimefungwa vizuri kuliko vya Bi Khadhra. Nejiba akafunua la kwanza. Tupu. La pili tupu. La tatu lilikuwa na kuskusi kidogo chini, mti wa kupimia haukuonyesha kitu.

"Mume hakupata kibarua cha mavuno," akasema Mahbouba, na sauti yake kubwa ilikuwa imekwenda wapi, Mungu ndiye ajuaye. "Nanunua ya wiki kwa wiki. Ramadhani nitanunua ya siku kwa siku. Walipokuja kufinyanga kwangu, niliazima gunia wasione nimekosa, kisha kuskusi yake nikairudisha kwa mwenyewe. Usiniseme, dada. Nakuomba kwa roho ya mama yako. Wasijue."

"Sitasema."

"Mkipandisha, wao washanunua. Makasiki yao yamejaa. Atakayeumia ni mimi."

Nejiba alisimama na kifuniko mkononi. Nyumba zote alizopima zilikuwa zimesema hapana, na hii moja ilikuwa imesema kweli. Siri ya mtungi aijuaye kata, nao huko ofisini hawakuwa na kata, walikuwa na ile nguzo ya buluu tu. Katika kimo chake chote kile Mahbouba hakuonekana hata kama ufa. Akarudisha kifuniko, akafunga kitambaa kama alivyokikuta.

"Mashallah," akasema, kwa sauti ya kusikika nje.

Mahbouba akalia.

* * *

"Hakuna picha," akasema Joris.

"Hakuna."

"Hakuna shahidi wa pili. Na nyumba si kumi na tano."

"Nimepima waliokubali. Akiba inalingana na walichonunua. Haijauzwa."

"Kwa neno lako."

"Kwa neno langu."

Joris alivua miwani, akajisugua macho. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto mbali, na mkubwa wake Ulaya aliyekuwa akimpigia simu kila asubuhi kuuliza ripoti iko wapi. "Nejiba, unajua kazi hii kuliko mimi. Angekuja mtu mwingine na vipimo vya namna hii, wewe mwenyewe ungevitupa."

"Ningevitupa," akakubali.

"Basi nifanyeje?"

"Una haki kufuata utaratibu wako. Lakini ondoa jina langu kwenye jalada."

Skander, aliyekuwa anajifanya anatafuta karatasi, akaacha kutafuta. Ripoti ya chakula cha Watunisia bila jina la Mtunisia mwenyewe: wizarani watauliza kabla hawajamimina chai.

"Unanitisha?"

"Sikutishi. Ningekuwa na nguvu ya kutisha watu ningeitumia zamani. Mimi naona kuna mwanamke atakayelala na njaa kwa ajili ya ukurasa mmoja, na ukurasa huo si kweli. Siwezi kumwona Mwenyezi Mungu na jina langu liko hapo. Ni hilo tu."

"Mwanamke gani?"

"Siwezi kumtaja."

"Na yeye umempima?"

"Nimempima."

Nje ya dirisha jua la Septemba lilikuwa limelala juu ya ziwa la Tunis.

"Kwa nini hukupiga kelele Aprili?" akauliza Joris mwishowe. "Uliniandikia. Naandikiwa na watu mia. Ungekuja hapa ukapiga meza."

Nejiba alifikiri. Aliona kwamba hilo nalo lilikuwa kweli, na kwamba Aprili hakuwa na nguvu ya kupiga meza, na sasa pia hakuwa nayo.

"Nilikuwa nimechoka," akasema.

Joris akavaa miwani, akavuta kompyuta, akafuta mistari. Alisoma kwa sauti alichoandika mahali pake: kwamba takwimu za kaskazini magharibi zilikusanywa msimu usiofaa, na ruzuku isiguswe kule mpaka utafiti urudiwe. "Utarudiwa Januari," akasema. "Wizara haitangoja zaidi ya hapo."

"Januari, kwa swali lile, utakuta hawanunui kitu. Utasema wanakufa njaa, utaleta malori ya msaada."

Kwa mara ya kwanza wiki ile Joris alicheka. "Basi tunga swali wewe. Na uende wewe. Fedha za mtu mwingine sina."

Mkataba wa Nejiba ulikuwa unaisha Desemba. Alikuwa amekwisha mwambia dada yake wa Bizerte amtengenezee chumba cha upande wa jua. Alifikiria barabara ya Kef wakati wa theluji, matope mpaka kwenye kifundo, na goti.

"Haya," akasema.

Jioni alimpigia simu Bi Khadhra, akamwambia bei haitapanda, si mwaka huu. Bi Khadhra alimhimidi Mungu kwa maneno mengi, kisha sauti ikabadilika.

"Na nyinyi? Mmetuacha sasa?"

"Tutarudi Januari, mama."

"Ya Rabbi! Kuuliza nini tena?"

"Safari hii tutauliza mmepika nini. Hatuulizi mmenunua nini, wala mna nini ndani."

"Hilo nitajibu," akasema Bi Khadhra. "Nilichopika jirani anakinusa, hakina siri. Lakini sikiliza, binti Mbarka. Mahbouba msimuulize mbele ya watu."

Nejiba hakusema kitu.

"Usinyamaze kama hujui. Tumepakana ukuta. Moshi wa jiko lake nauhesabu mimi. Wewe nitajie tu wiki mtakayokuja, na wiki hiyo yeye na mumewe watakula kwangu, asubuhi na usiku, apate la kuwajibu."

Nejiba alijua kwamba kwa maneno hayo hesabu ya nyumba ya Mahbouba imekwisha haribika, zaidi ya miezi mitatu kabla ya kuulizwa. Akafungua kinywa amweleze: kwamba haifai, kwamba mtu aachwe ale kama anavyokula siku zote ili ukweli uonekane. Maneno aliyajua yote kwa moyo, alikuwa ameyafundisha katika nchi nne.

"Mungu akulipe, Bi Khadhra," akasema, na akakata simu.